Si Tezi Peke Yake Iliyosema

Lyamkena, Makambako
Mwezi wa nane

Mama yangu,

Mwangaluka, mayu. Goti limeamkaje huko Urambo? Kifua cha baba mkubwa kimetulia, au vumbi la kiangazi limeshakianza? Na shangazi, anachoma sindano zake za kisukari kwa wakati au bado anasubiri mpaka agombezwe? Nauliza yote kwa mpigo kwa sababu kwenye simu, wewe mwenyewe umelalamika, nauliza halafu nahamia jambo jingine kabla hujajibu. Mimi huku natembea, nakula, naenda kazini. Mengine ndiyo nataka kukueleza.

Nyanzala dada yangu, najua wewe ndiye unayemsomea mama. Soma polepole, usiruke mistari, na ukifika mahali nilipokutaja usijifanye huoni. Mwandiko unatetemeka, na sijaandika nikiwa ndani ya basi. Ni mikono. Nimejaribu karatasi mbili nikazichana, nikaona nikiendelea kuchana hamtapata barua.

Unakumbuka, mama, nilivyosema siku ile uliponipigia, baba mkubwa akiwa pembeni na simu imewekwa sauti ya juu. Mlitaka nitaje mwezi wa kurudi nyumbani kushika shamba la tumbaku la marehemu baba, kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa kwanza. Nikasema sirudi. Nilisema kwa kelele mpaka wapangaji wenzangu wakatoka nje kuona nani anapigwa, na nikamwambia baba mkubwa neno ambalo mtoto hamwambii mzee. Kisha nikakata simu. Tangu uliposikia kwamba ninaumwa, umekuwa ukinifariji kwamba hukuyahesabu maneno yale. "Ulikuwa ugonjwa tu, mwanangu. Ukipona utarudi," ndivyo unavyoniambia kila tukiongea. Na juzi Nyanzala kanieleza kwamba mdogo wetu Kapela ameshaanza kulima matuta ya miche ya tumbaku kwa niaba yangu. Barua hii ni ya jambo hilo hilo. Ila lazima nianze na ugonjwa wenyewe, maana msipouelewa hamtanielewa na mimi.

Mwanzo wake siujui vizuri. Nadhani nilikuwa nao hata nilipokuja kumzika baba. Waombolezaji walisema nimekuwa mkavu, mara nimekaa, mara nimesimama, nahamisha mabenchi ambayo hakuna aliyeomba yahamishwe. Nilidhani ni uchungu. Niliporudi huku ukaingia mwezi wa sita, na baridi ya huku, mama, hamjawahi kuionja. Asubuhi nyasi za Kichiwa zinakuwa nyeupe kwa umande ulioganda, watu wanaenda shambani na blanketi juu ya koti. Mimi nilikuwa navaa fulana moja na jasho linanitoka mgongoni. Nikawa nalala dirisha wazi, na upepo wa Makambako hauna huruma. Wapangaji wakaulizana huyu Mnyamwezi anakunywa nini.

Halafu njaa. Nilikuwa namaliza sahani ya ugali na maharage, naongeza viazi, naongeza tena, na suruali bado inanivuka. Unajua mtu akikonda ghafla watu wanampa ugonjwa gani. Nikaenda kupima, sina. Wakasema basi ni minyoo, nikanywa dawa ya minyoo, nikazidi kukonda. Moyo ulikuwa unaenda mbio hata nikiwa nimekaa, nikilala ubavu naisikia mipigo yake kwenye mto. Macho nayo yakaanza kutoka nje. Ndiyo maana Nyanzala alipoiona ile picha niliyowatumia kwenye simu aliniuliza nani amenishtua.

Nimeinuka kidogo, nimezunguka uani, nimerudi. Hivi ndivyo ninavyoishi sasa, samahani.

Kilichoniumiza zaidi ni kazi. Hapa kitaluni kazi yangu ni kubebesha miche ya parachichi. Unachukua mche uliotokana na kokwa la parachichi la kienyeji, unaukata kichwa, unapasua shina kwa ncha ya kisu, unachonga kitawi cha parachichi la kisasa kiwe chembamba chini, unakichomeka pale kwenye mpasuo na kufunga nailoni. Ukipatanisha ganda na ganda, vinakuwa mti mmoja. Ni kazi ya mkono uliotulia, na mimi nilikuwa naiweza, mama, nasema bila kujivuna. Mwaka huu mkono ukaanza kutetemeka. Nilijikata vidole, nikachonga vitawi vikapinda, miche niliyobebesha ikawa inakauka mstari mzima wakati ya wenzangu inachipua. Nilikuwa nagombana na kisu, nagombana na nailoni, nagombana na dada aliyekaa meza ya pili kwa sababu anaimba. Bwana Kaduma, msimamizi wetu, akanitoa mezani akanipeleka upande wa milingoti, ndiyo mikaratusi.

Kule hakuna kisu cha kuogopwa. Unapewa vipande vya matawi machanga ya mlingoti, unachovya kitako cha kila kipande kwenye unga mweupe, unakichomeka kwenye mchanga uliofunikwa nailoni, baadaye kinaota mizizi. Nilidhani unga ule ni dawa ya wadudu. Bwana Kaduma akanieleza ni homoni. Alisema mti nao una namna ya kupelekeana habari kati ya viungo vyake. Ncha yake ya juu kabisa inatengeneza kitu kidogo mno ambacho kinashuka kwenye shina. Chini kinaamsha mizizi, na njiani kinayaambia macho ya pembeni yalale, yasiote. Watu wamejifunza kukitengeneza wakakifanya unga. Nikamuuliza kwa nini tusichovye mwingi mizizi iote upesi. Akanionyesha trei ambayo mtu alichovya kwa ukarimu, vipande vyote vimeoza kitako na kuwa vyeusi. Unga huu, alisema, unasaidia ukiwa kidogo na unaua ukiwa mwingi.

Nilicheka peke yangu, maana baba alishatufundisha somo hilo bila kulijua jina lake. Unakumbuka kukata vichwa vya tumbaku? Maua yakichomoza tunapita mstari kwa mstari tunavunja kichwa, nguvu ishuke kwenye majani. Hazipiti siku nyingi, kwenye kila kwapa la jani kinatoka kichipukizi. Tunarudi kuvivunja, vinatoka vingine, na baba anasema tumbaku ina kiburi. Kumbe kichwa ndicho kilichokuwa kinavizuia, na kilipoondoka vikapata ruhusa. Na hata maparachichi yanavyoiva ni homoni. Mwenye nyumba wangu anayafukia kwenye debe la mahindi pamoja na ndizi moja mbivu, na Bwana Kaduma anasema ile ndizi inatoa hewa ambayo matunda mengine yakiipata yanaanza kulainika. Ukiyaweka bila ndizi yanachelewa.

Sasa huyo mwenye nyumba. Ni Mama Mlowe, mjane wa makamo, Mbena wa Kifanya, mwimbaji wa kwaya ya Walutheri hapa Lyamkena. Amenichukua kama mwanawe, na mkigombana na mimi naomba msigombane na yeye. Yeye ndiye aliyeiona shingo. Nilikuwa nimeinamia ndoo nanawa, akanishika kidevu akanigeuzia kwenye mwanga, akasema nina rovu, ule uvimbe wa shingo. Akaingia ndani akatoka na pakiti ya chumvi.

Watu wa huku na shingo wanajuana tangu zamani. Udongo wa milima hii hauna madini joto ya kutosha, na Mama Mlowe anasema alipokuwa mdogo karibu kila ukoo ulikuwa na bibi mwenye uvimbe kooni, na watoto wengine walizaliwa wazito wa kusikia na kuelewa. Wakaja watu wa afya wakahubiri chumvi yenye madini joto kliniki, shuleni, mpaka kanisani, na uvimbe ukapungua kweli. Kwa hiyo leo ukimwonyesha shingo mtu wa huku, awe mwalimu au mkulima, jibu lake ni moja. Mama Mlowe alinitilia chumvi kwenye uji, akanitilia mara mbili kwenye mboga, na asubuhi kabla ya chai glasi ya maji ya chumvi. Akawaambia na wanakwaya wenzake, nao wakaja kuniona na pakiti mkononi, wananisalimia kamwene, wananipa pole, wanaiacha pakiti mezani. Nilikunywa kwa adabu. Nikazidi kutetemeka, na yeye akazidisha chumvi.

Simu yenu ilinikuta katikati ya mambo hayo.

Baada ya simu ile nilianguka kazini nikiwa nabeba mifuko ya udongo. Bwana Kaduma na Mama Mlowe wakanipeleka hospitali, Njombe mjini. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye asili ya Makete, anayeongea taratibu. Aliniambia ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole vyangu. Karatasi ikawa inacheza wakati mimi naapa kwamba nimetulia. Akashika shingo kutokea nyuma, akanimezesha maji huku anapapasa, akatoa damu ya kupeleka maabara. Majibu yaliporudi akatuita wote watatu akatueleza, na mimi nakueleza kama nilivyoshika.

Chini ya koo, mama, kuna tezi ndogo yenye mabawa mawili. Inachukua madini joto kwenye chakula, inatengeneza homoni, inaimwaga kwenye damu, na homoni hiyo inaufikia mwili mzima ikiuambia moyo upige kwa kasi gani na chakula kiunguzwe kwa kasi gani. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine inayoisimamia. Homoni ikipungua, msimamizi anahimiza, na ikizidi, ananyamaza. Kwa bibi zake Mama Mlowe tezi ilikosa madini, ikawa inahimizwa tu, ikavimba kwa kujitahidi bure. Kwangu ni kinyume. Askari wa mwili, wale wa kupigana na maradhi, wamekosea. Wanaihimiza tezi kana kwamba wao ndio wasimamizi, na msimamizi wa kweli ameshanyamaza zamani lakini tezi haina habari naye. Ndiyo maana ya jasho, njaa, macho, mikono, hasira, yote. Nikataja chumvi. Daktari aliweka kalamu chini, akamtazama Mama Mlowe kwa upole, akasema chumvi haikuuleta ugonjwa, ila kwa wingi ule huenda iliuchochea.

Tukarudi Makambako na Mama Mlowe. Jioni alipika mboga bila chumvi hata chembe, na kesho yake vilevile, mpaka wapangaji walioalikwa wakalalamika. Ilibidi Bwana Kaduma aje kumweleza kwamba chumvi ya kawaida kwenye chakula haina neno. Hata hivyo bado ananitazama shingo kila asubuhi kama mtu anayekagua tundu la kuku.

Nilimuuliza daktari homoni ziko ngapi, akasema ni nyingi, na kwamba ninazijua bila kujua. Sindano ya shangazi ni homoni, ile inayoruhusu sukari itoke kwenye damu iingie mwilini, na yeye anachomwa kwa sababu yake haitoshi. Mwambie basi asisubiri kugombezwa. Kijiti anachowekewa mwanamke kwenye mkono ili apumzike kuzaa ni homoni. Nyanzala, hapo ungeweza kuruka, nimechelewa kukwambia. Hata uchungu wa kunizaa mimi, mama, ni homoni iliyouleta, na maziwa ni nyingine iliyoyashusha.

Mwishoni nikauliza lile lililokuwa linanikaba. Nilimuuliza kama tezi inaweza kumsemesha mtu maneno. Akasema amewaona watu wa ugonjwa huu wakiacha kazi, wakiacha ndoa, wakipigana na jirani kwa jambo dogo, na wakianza dawa wanajishangaa. Nilitoka pale nimepata nafuu kubwa kuliko ya kidonge. Nikakupigia nikakwambia, nikasikia unavyoshusha pumzi, na hapo ndipo uliposema kwa mara ya kwanza kwamba nikipona nitarudi. Mimi nikaitikia. Niliitikia, mama, na tangu hapo sijatulia tena.

Kwa sababu sijui. Nimekaa hapa na mikono hii inayocheza, na sijui ni nani aliyesema sirudi. Nikisema ni mimi, mtasema bado naumwa. Nikisema ni tezi, nitakuwa nimepata pa kujificha. Nakunywa dawa aina mbili, moja ya kuipunguzia tezi kazi na moja ya kuutuliza moyo. Naiacha barua hapa. Nitaimalizia mkono ukitulia, ili nikikujibu nisijibu kwa mkono wa mtu mwingine.

*

Mama, umeingia mwezi wa tisa, karibu unakwisha. Angalia mwandiko.

Nimeusoma ukurasa wa kwanza nikataka kuuandika upya, nikaona niuache uone mwenyewe tofauti. Moyo umetulia. Jasho limekwisha, nimenunua blanketi, na dirisha nalala nimelifunga kama watu wengine. Suruali zimeanza kunikaa. Macho bado yamechomoza kidogo, daktari anasema yanaweza kuchukua muda, na akaniuliza kama navuta sigara kwa kuwa moshi wake unayazidisha. Nilimwambia sisi tumelelewa na tumbaku lakini sijawahi kuivuta, akacheka. Dawa nitaendelea nazo mwaka na zaidi, huku wakinipima damu. Nikipata homa na koo kuuma niende hospitali siku hiyo hiyo, nisingoje, kwa sababu mara moja moja dawa hii inapunguza nguvu ya damu kupambana na maradhi. Nakuambia haya yote usije ukaambiwa na mtu mwingine ukaogopa.

Bwana Kaduma amenirudisha kwenye kisu. Alinipa miche michache kwanza, akasimama mbali akijifanya anakagua bomba la maji. Nilikata, nikapasua, nikachonga, nikafunga, na mkono haukucheza. Miche ile imeshika. Kila asubuhi nikifika naanza na mstari wangu, nachungulia pale juu ya nailoni kuona kama jicho limefunguka, na nikiona kijani kidogo nafurahi mpaka naona aibu. Yule dada wa meza ya pili anaimba, na kumbe anaimba vizuri.

Baada ya kliniki ya mwisho, daktari aliposema mapigo ni ya mtu mzima wa afya, sikupanda gari upesi kurudi Makambako. Nilikaa kwenye benchi la nje nikajiuliza lile swali lenu. Nilijiuliza polepole, bila baba mkubwa kwenye simu, bila jasho. Maganga, utarudi kulima tumbaku?

Nilijaribu kwanza kukwepa, sikufichi. Nilifikiri nikwambie daktari amekataza. Ningesema hospitali ya kupima tezi iko mbali na kijijini kwetu, na hilo ni kweli, na wewe ungekubali bila kuuliza, na baba mkubwa pia. Kila mtu angebaki na heshima yake. Lakini dawa zitakwisha siku moja, na mngekuwa mmekaa mnanisubiri msimu baada ya msimu, mkiamini kilichobaki ni kidonge cha mwisho. Sitaki usubiri hivyo, mama. Una umri ambao mtu anastahili kuambiwa.

Basi kuna mambo mawili niliyosema siku ile. La kwanza ni lile neno nililomtolea baba mkubwa. Hilo limeondoka pamoja na jasho. Nikilikumbuka siwezi hata kulielewa, sioni ndani yangu mahali lilipotokea. Baba mkubwa, kama umekaa hapo unasikiliza, nakupigia magoti, naomba unisamehe. Nitakuja kuliomba mbele yako, na ukitaka kunitoza kuku nitamleta.

La pili ni lile la kutorudi. Hilo nililisubiri liondoke. Moyo wangu ulikwenda polepole, nalo likabaki. Mikono ilitulia, nalo likabaki. Nilianza kulala, na kila nikiamka liko palepale, halipigi kelele, ila limekaa kama kitu cha nyumbani. Ugonjwa ulilitoa kwa ukali na kwa wakati mbaya, lakini si ugonjwa uliolitunga. Lilikuwa langu kabla ya shingo kuvimba.

Sikuwahi kukuambia kwamba nilikuwa natapika. Tulipokuwa tunavuna majani mabichi asubuhi yakiwa na umande, nilikuwa napata kizunguzungu, naenda nyuma ya bani la kukaushia tumbaku natapika, nafukia, narudi kwenye mstari. Baba aliniona mara moja. Alinihamishia kuchanja kuni za bani, na moshi ule nao ukanifuata mpaka usingizini. Nilikuwa mdogo, nikadhani ndivyo maisha ya mtoto wa kwanza yalivyo. Nilipopata kazi huku nilikuja kwa mwaka mmoja tu, kama nilivyowaambia, lakini nilipopanda basi nilijua. Si kwamba nakidharau kilichotusomesha. Ninaogopa kurudi kuwa yule anayefukia.

Na kuna Kapela. Nilimpigia wiki iliyopita, nikamuuliza matuta yanaendeleaje. Akanieleza kila kitu, amechoma udongo, amefunika nyasi, amebadilisha mahali pa kuchota maji, amepanga bani lijengwe upya lisile kuni nyingi. Mama, aliongea kwa raha ambayo mimi sijawahi kuwa nayo kwa tumbaku hata siku moja. Halafu kama aliyekumbuka kitu, akapunguza sauti.

"Lakini ukija, kaka, nitakupisha," alisema.

Nilijifanya mtandao umekatika. Wakati wote huu mmekaa mkiangalia njia ninayotakiwa kuja nayo, na shamba lina mtu. Kapela amelala kama lile jicho la pembeni, kwa sababu mimi nipo juu yake. Kwenye tumbaku kichipukizi kinavunjwa, nakubali, ndiyo kazi. Huku kwenye parachichi tunakata kichwa makusudi, kwa kuwa matawi ya pembeni ndiyo tunayoyataka yatuzalie. Naomba safari hii, baba mkubwa na wewe mama, mtutendee kama parachichi.

Mikono imetulia, nimekunywa chai, nje ni mchana na Mama Mlowe anatwanga. Sina hasira na mtu. Nasema sasa kwa sauti yangu ya kawaida, Nyanzala, naomba umsomee mama bila kulainisha. Sirudi kulima tumbaku. Nitakuja Krismasi, nitakaa na wewe, nitalisafisha kaburi la baba, nitakula mihogo mpaka mnifukuze. Nitakuja kila nitakapoweza, nikiwa mtoto wako. Lakini nitakuwa naondoka, na ninaomba usinisindikize ukidhani bado naumwa.

Nisalimie shangazi, na sindano yake. Nisalimie shemeji, mume wa Nyanzala, mwambie asiniulize macho. Bibi mzaa baba ashikwe mkono kwa niaba yangu, aambiwe mjukuu wake amenenepa. Baba mkubwa nimeshamsalimu kwa magoti. Bwana Kaduma anawasalimu, na Mama Mlowe anasema kamwene nyote, na anataka kujua kama kwenu watu wana shingo nzima.

Kapela, mdogo wangu, nimekuacha mwisho makusudi. Yale matuta si ya jina langu. Panda. Usinipishe.

Ni mimi mwanao, mama, nikiwa na akili zangu zote,

Maganga